Mtandao mpya katika pochi ya sarafu za kidijitali: Yakupasayo kuyakagua kabla ya kukubali

POCHI ya sarafu za kidijitali ni jina linalopotosha kidogo, kwa kuwa ndani yake hamna sarafu hata moja. Kilichomo ni ufunguo wa siri, ambao humwezesha mwenye pochi kutia sahihi kwenye maagizo ya malipo. Sarafu zenyewe zimeandikwa katika daftari la pamoja liitwalo blokcheni, na nakala za daftari hilo hutunzwa na kompyuta nyingi zilizotapakaa duniani. Asiyeielewa tofauti hii mapema atapata taabu kuelewa kwa nini kitendo kidogo kama kuongeza mtandao mpya kinaweza kumgharimu akiba yake yote.

Madaftari hayo ni mengi. Ethereum, ulioanza kazi Julai 2015, ndio mkongwe wa ukoo tunaouzungumzia hapa, na mitandao kadhaa iliyofuata iliiga muundo wake: BNB Smart Chain, Polygon, Avalanche, Arbitrum, Base na mingineyo. Kwa kuwa yote inatumia kanuni zilezile za ufunguo, mwenye anwani moja kwenye Ethereum anayo anwani hiyohiyo, herufi kwa herufi, kwenye mitandao mingine yote ya ukoo huo. Hata hivyo, fedha aliyotumiwa kupitia Polygon haitaonekana akiitazama pochi yake kwa upande wa Ethereum. Ni mfano wa mtu mwenye namba moja ya akaunti katika benki kumi ambazo hazisomeani vitabu.

Hapo ndipo inapozuka haja ya kuongeza mtandao. Mtu amenunua USDT kwenye soko la kubadilishia sarafu, wakati wa kuzitoa akachagua Polygon kwa kuwa ada yake ni ndogo, kisha anafungua pochi yake na kukuta salio ni sifuri. Fedha haikupotea. Ipo kwenye anwani yake, ila pochi haijaambiwa ilitazame daftari la Polygon. Akiongeza mtandao huo, salio litatokea. Jambo hili ni la kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo matapeli wamelipenda: sentensi isemayo "fedha zako zipo, ila ongeza mtandao huu ndipo utaziona" inaweza kutamkwa na msaidizi mwema na inaweza kutamkwa na mwizi, bila kubadilika hata neno moja.

Ieleweke pia kwamba si kila mtandao huongezwa kwa njia hii. Bitcoin, Solana na Tron zina anwani za muundo tofauti. Anwani za Tron, kwa mfano, huanza na herufi T. Anayekuelekeza uongeze Tron kwa kujaza fomu ya mtandao wa ukoo wa Ethereum ama hajui anachokisema au anajua vizuri mno.

Yaliyomo kwenye fomu

Katika MetaMask na pochi nyingine za aina yake, kuongeza mtandao ni kujaza nafasi tano: jina la mtandao, anwani ya RPC, namba ya utambulisho ya mtandao, alama ya sarafu inayolipia ada, na anwani ya tovuti ya kukagulia miamala. Mitandao mashuhuri, Polygon ukiwamo, imekwisha kuwekwa tayari kwenye orodha ya pochi nyingi, na mtumiaji huhitaji kubofya mara moja tu. Palipo na orodha hiyo, itumie. Kujaza kwa mkono kubaki kwa mitandao isiyomo.

Jina halina uzito wowote. Mtu anaweza kuandika "Polygon" au jina la mjomba wake, na pochi itafanya kazi vilevile. Kinachoutambulisha mtandao ni namba.

Namba hizo zina historia yake. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO ulivamiwa na kuhamishwa etha zipatazo milioni 3.6. Mwezi uliofuata jumuiya ya Ethereum ilikubali kulirekebisha daftari ili fedha hizo zirudi, lakini baadhi ya watu walikataa na kuendelea na daftari la zamani, ambalo leo linaitwa Ethereum Classic. Ghafla yakawapo madaftari mawili yenye wateja walewale na funguo zilezile. Mtu aliyetia sahihi ya kulipa etha 10 upande mmoja alijikuta hatarini kulipa na upande wa pili, kwa sababu yeyote aliyeiona sahihi hiyo aliweza kuichukua na kuiwasilisha kwenye daftari jingine. Novemba 2016 Ethereum ulianza kutumia kanuni ijulikanayo kama EIP-155, inayoiingiza namba ya mtandao ndani ya sahihi yenyewe. Tangu hapo, muamala uliotiwa sahihi kwa namba 1, ambayo ni ya Ethereum, haukubaliki kwenye Ethereum Classic, yenye namba 61.

Kwa hiyo namba si pambo. Ndiyo inayoamua sahihi yako itakuwa halali kwenye daftari lipi. BNB Smart Chain ni 56, Polygon ni 137, Base ni 8453, Arbitrum One ni 42161. Baadhi ya kurasa huziandika kwa mtindo wa kompyuta, ambapo 137 huonekana kama 0x89 na 56 kama 0x38. Ni namba zilezile.

Chukua mfano wa mtu anayeombwa aongeze kile kinachoitwa "mtandao wa majaribio", ambamo sarafu hazina thamani, lakini kwenye nafasi ya namba imeandikwa 1. Atatia sahihi bila woga akidhani anacheza, kumbe sahihi hiyo ni halali kwenye Ethereum halisi, na mwenye seva iliyoipokea anaweza kuiwasilisha huko. Pochi za siku hizi huonya namba inapokuwa ya mtandao unaojulikana ilhali jina ni la mtandao mwingine. Onyo kama hilo likitokea, simama hapohapo. Usilipuuze kwa sababu aliyekuelekeza alikutahadharisha kuwa litatokea na kwamba "ni kawaida".

Karani anayekusomea daftari

Nafasi iliyo nzito kuliko zote ni ile ya RPC, nayo ndiyo watu huijaza kwa haraka kwa kuwa ni mstari mrefu usiosomeka. Pochi yako hailisomi daftari yenyewe, husomewa. Anwani ya RPC ni ya seva ambayo pochi huiuliza: mwenye anwani hii ana kiasi gani? Ada ya sasa ni ngapi? Muamala wangu umepita? Seva hiyohiyo ndiyo inayopokea muamala uliokwisha kutiwa sahihi na kuupeleka mtandaoni. Ni karani aliyeketi dirishani, na wewe uko nje ya dirisha.

Karani huyo akiwa mwongo anaweza kufanya nini? Tuanze na yale asiyoyaweza. Hawezi kuuona ufunguo wako wa siri, kwa kuwa hautoki kwenye kifaa chako. Hawezi kubadilisha kiasi wala mpokeaji katika muamala uliokwisha kutiwa sahihi, kwa kuwa sahihi itabatilika papo hapo. Hawezi, kwa kule kuongezwa tu, kuhamisha hata senti moja.

Anachoweza ni kusema uongo, na uongo unatosha. Anaweza kukuonyesha salio lisilokuwapo. Anaweza kudai muamala umekamilika na kumbe hakuupeleka popote, au kuuficha ule uliokamilika ili ulipe mara ya pili. Majina mepesi yanayotumika badala ya anwani ndefu, kama yale yanayoishia na .eth, hutafsiriwa kwa kumuuliza yeye. Akikupa anwani ya mwizi, utatia sahihi mwenyewe kwa mkono wako na sahihi itakuwa halali.

Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya SlowMist na watengenezaji wa pochi ya imToken walieleza utapeli uliojengwa juu ya udhaifu huu. Mlengwa alishawishiwa kupakua pochi halisi, si ya bandia, kisha akatumiwa USDT 1 na etha kidogo ili ajenge imani. Baadaye akaelekezwa abadilishe anwani ya RPC ya Ethereum kwenye pochi hiyo. Seva aliyoelekezwa ilikuwa imetengeneza nakala ya daftari na kuibadilisha, hivyo pochi ikaanza kuonyesha salio nono la USDT. Namba ya mtandao ilikuwa sahihi, jina sahihi, alama sahihi. Ni karani tu aliyebadilishwa. Mlengwa alikuja kutambua kwamba hakulipwa alipojaribu kuzihamisha fedha hizo. Mfanyabiashara anayekabidhi mzigo au noti kwa kutazama salio la simu yake pekee hana kinga dhidi ya mchezo huu.

Karani mwaminifu naye anaweza kutekwa. Tarehe 1 Julai 2022, anwani za RPC za umma za mitandao ya Polygon na Fantom, zilizohudumiwa na kampuni ya Ankr, zilielekezwa kwingine baada ya wahalifu kufanikiwa kuingilia usajili wa majina ya tovuti. Watu waliokuwa wameziweka anwani hizo kwenye pochi zao kwa muda mrefu, na kwa usahihi kabisa, walianza kuona ujumbe wa hitilafu uliowataka waende kwenye tovuti fulani na kuingiza maneno yao ya siri ya kurejeshea pochi. Mitandao yenyewe haikuvunjwa. Aliyekataa kuandika maneno yake hakupoteza kitu.

Tukio hilo linatoa kanuni isiyo na ubaguzi: kuongeza mtandao ni bure, hakuhitaji sahihi ya muamala, na hakuhitaji yale maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi. Hakuna hitilafu ya RPC inayotibiwa kwa maneno hayo. Ujumbe wowote unaoyataka, hata ukitokea ndani ya pochi uliyoipakua mahali sahihi, umetoka kwa mwizi.

Kuzipata taarifa sahihi

Chanzo cha kwanza ni nyaraka za mtandao wenyewe, zilizofikiwa kwa kuandika anwani ya tovuti kwa mkono, si kwa kubofya tangazo lililolipiwa juu ya matokeo ya utafutaji wala kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram. Cha pili ni orodha ya wazi ya mitandao inayotunzwa kwenye GitHub, ambayo ndiyo inayolisha kurasa kama Chainlist. Orodha hiyo ni nzuri kwa kulinganisha, lakini isichukuliwe kama cheti cha uaminifu: mtu yeyote anaweza kupendekeza mtandao wake uingizwe, na kuwamo ndani yake ni kupewa namba, si kupasishwa.

Vyanzo viwili vikikubaliana juu ya namba, alama na tovuti ya ukaguzi, unaweza kuendelea. Visipokubaliana, pengine kimoja kimezeeka. Polygon ni mfano mzuri. Hadi Septemba 2024 sarafu ya kulipia ada kwenye mtandao huo iliitwa MATIC, kisha ikachukuliwa na POL. Maelekezo ya miaka ya nyuma bado yamejaa mtandaoni yakisema MATIC, na anayeyafuata huonywa na pochi kwamba alama hailingani. Hapo tofauti ina maelezo. Tofauti ya namba haina maelezo ya namna hiyo.

Alama nayo isidharauliwe. Muundaji wa mtandao anaweza kuipa sarafu yake isiyo na thamani alama ya ETH, na mtumiaji akiona "ETH 5" moyo humdunda. Kumbe herufi hizo tatu zimeandikwa na mtu, kama jina lilivyoandikwa.

Mtandao ukishaongezwa, mpime karani kabla ya kumwamini. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya ukaguzi, ambayo kwa Polygon ni polygonscan.com, kisha bandika anwani yako na ulinganishe salio. Usipitie kiungo cha "tazama kwenye tovuti ya ukaguzi" kilichomo ndani ya pochi, kwa sababu kiungo hicho kilikuja na fomu ileile unayoitilia shaka. Aliyekuletea karani bandia hashindwi kukuletea mkaguzi bandia. Ulinganisho huu huchukua dakika moja na ungeuvunja ule utapeli wa mwaka 2024 papo hapo.

Siku hizi njia iliyozoeleka zaidi ni tovuti yenyewe kuiomba pochi iongeze mtandao. Kidirisha hujitokeza kikiwa kimejazwa kila kitu, na kitufe cha kukubali kimewekwa pale ambapo kidole hufika kwanza. Kisome. Fungua maelezo yote, tazama namba na anwani ya RPC, na uvilinganishe na ulivyovipata kwenye nyaraka. Tena baada ya kukubali, tovuti nyingi hufuatisha ombi la pili la kuhamia mtandao huo, na wakati mwingine la tatu la kutia sahihi. Hayo ni mambo tofauti. Ombi la tatu ndilo linaloweza kuhamisha mali, hasa likiwa ni idhini ya kuruhusu mkataba wa kidijitali kutumia tokeni zako bila kikomo, na mtu aliyekwisha bofya "kubali" mara mbili hubofya la tatu kwa mazoea.

Mtandao halisi si lazima uwe mtandao salama

Taarifa zote zaweza kuwa sahihi na bado fedha ikapotea, kwa kuwa mtandao wenyewe ni dhaifu. Ronin, uliotumiwa na wachezaji wa Axie Infinity, ulikuwa mtandao halisi wenye mamia ya maelfu ya watumiaji. Daraja la kuhamishia fedha kati yake na Ethereum lililindwa na wathibitishaji 9, na sahihi za 5 zilitosha kuidhinisha malipo. Machi 2022 wavamizi walizipata 5 na kuondoka na etha 173,600 pamoja na USDC milioni 25.5. Wizi huo ulifanyika tarehe 23 na ukagundulika tarehe 29, baada ya mtumiaji kushindwa kutoa fedha zake. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, baadaye lilisema wahusika walikuwa kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Hakuna ukaguzi wa fomu ambao ungemwokoa mteja hapo. Kinachosaidia ni kuuliza, kabla ya kuhamisha akiba, ni wangapi wanaoulinda mtandao na daraja lake.

Kuna suala la faragha pia, ambalo wengi hulipita. Karani anaona anwani ya intaneti unayotumia pamoja na akaunti unazouliza, hivyo anaweza kuziunganisha. Novemba 2022 kampuni ya ConsenSys, mmiliki wa MetaMask, ilipoeleza katika sera yake kwamba huduma yake ya Infura hukusanya taarifa za aina hiyo wakati wa miamala, mjadala mkali ulizuka. Kwa RPC ya mtu usiyemjua hata sera ya kusoma hakuna.

Anayepotelewa hana mahali pengi pa kwenda. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu hizi Novemba 2019. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ikizikabidhi Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la usimamizi. Sheria ya namna hiyo hulenga kampuni zinazotoa huduma. Anayeshika ufunguo wake mwenyewe ndiye benki, ndiye mlinzi, na ndiye dawati la malalamiko.

Kwa sababu hiyo muamala wa kwanza kwenye mtandao mpya uwe mdogo, wa kiasi ambacho kikipotea hakitakunyima usingizi. Uhakikishe kwanza kwamba unayo sarafu ya kulipia ada ya mtandao huo: mwenye USDT kwenye Polygon asiye na POL hataweza kuzihamisha kwa njia ya kawaida, na hapo ndipo hujitokeza wakarimu wa kumuuzia "gesi" kwa sharti la kuunganisha pochi yake kwenye tovuti yao. Kiasi kidogo kifike, kionekane kwenye tovuti ya ukaguzi, kisha kirudi kilikotoka. Safari ya kurudi ndiyo wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoonyesha kama mlango wa kutokea upo.

Mtandao usioutumia tena uondoe kwenye orodha. Kuuondoa hakufuti salio, kwa kuwa salio liko kwenye daftari na si kwenye pochi. Ukiurudisha mwakani utalikuta. Idhini ulizotoa kwa mikataba ya kidijitali nazo hubaki pale pale hata mtandao ukiondolewa, nazo hufutwa kwa muamala wake maalumu, unaolipiwa ada kama miamala mingine. Kwa hiyo anayetaka kuzifuta afanye hivyo kabla hajaondoa mtandao, na angali ana sarafu kidogo ya kulipia.